Marehemu Kwenye Lango la Chamwindi

Marehemu Otmar Tawete alifika kwenye lango la mpaka wa Chamwindi saa tatu na nusu asubuhi, siku tatu baada ya kuzikwa. Alikuwa amevaa koti lake la kahawia lenye kiraka cha ngozi kiwikoni na kofia yake ya pama, na aliburuta mguu wa kushoto vilevile kama alivyouburuta tangu alipoangukiwa na gogo ujanani. Alipokanyaga mkeka wa lango alikohoa mara mbili, akasimama, akakohoa ya tatu. Nyuma yake wafiwa waliomsindikiza walicheka mpaka machozi, wengine wameshikana mabega wasianguke.

Ndani ya koti lile alikuwamo Bi Somoe Kalembo, muuza karanga, mama wa miaka sitini na ushei, mtani wa ukoo wa Tawete tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka, wakaona heri wataniane. Asiyeujua utani asishangae. Msibani mtani ana ruhusa ya kila kitu. Atajilaza kaburini kabla ya maiti na kulalamika kwamba ni jembamba, ataiba sufuria ya wali mpaka akombolewe kwa kuku, na siku ya kuanua matanga atavaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, ili waliobaki wacheke na kidonda kianze kufunga. Bi Somoe alikuwa anarudi kwake ng'ambo ya daraja, na koti alikuwa ameliteka.

Lango likajifunga mbele yake. Sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka na maisha, ikatoka juu ya mlango wa kioo.

"Otmar Tawete, ulifariki dunia siku ya Ijumaa. Tafadhali usisogee."

Watu wakacheka zaidi. Mjane mwenyewe, aliyekuwa hajala vizuri tangu Ijumaa, alikaa chini barabarani akijipiga mapaja kwa viganja. Kisha mlango wa nyuma nao ukajifunga, taa ikawa nyekundu, na kicheko kikaisha kidogokidogo mpaka akabaki Bi Somoe peke yake ndani ya kile chumba cha vioo, kofia mkononi, akiwatazama wenzake kwa nje.

Otilia Ngonyani, mkaguzi wa mfumo wa lango, aliyaona yote hayo kupitia dirisha la ofisi ya ukaguzi, kikombe cha chai mkononi. Naye alikuwa amecheka, maana ni mtoto wa hukohuko na koti lile alilifahamu. Taa ilipogeuka nyekundu aliweka kikombe mezani na kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa siku ya tisini ya majaribio, siku ya mwisho. Saa kumi jioni alitakiwa kutia sahihi.

*

Mfumo ule uliitwa Lindo. Tangu pasipoti za karatasi zikomeshwe, Lindo halikumwuliza mtu jina wala cheti. Lilimsikiliza anavyotembea. Chini ya mkeka wa lango kulikuwa na nyuzi zilizopima uzito wa kila unyayo, na ukutani kulikuwa na masikio yaliyokamata pumzi, kikohozi na hata mapigo ya moyo. Mwendo wa mtu, walisema mafundi, ni kama mwandiko wake. Unaweza kuuharibu lakini huwezi kuandika wa mwenzio. Lindo likiwa na wasiwasi kidogo liliwasha taa ya njano, na lango likafunguka afisa akiruhusu. Wasiwasi ukifika sabini katika mia, taa ilikuwa nyekundu.

Mpaka wakati huo, kila lango lilikuwa na ufunguo wa chuma uliokaa mfukoni mwa afisa wa zamu. Afisa akiona Lindo limekosea, alifungua kwa mkono. Kilichokuwa kinajaribiwa Chamwindi ni Lindo bila ufunguo. Kwa siku tisini ufunguo ule ulikaa ndani ya kisanduku cha kioo chenye lakiri nyekundu, na sheria ilikuwa fupi. Mkaguzi peke yake ndiye angeweza kuvunja lakiri. Akiivunja, majaribio yameanguka, na kwenye fomu aandike jina la mtu mmoja aliyeumizwa na mashine. Takwimu hazikupokelewa. Waliotunga sheria waliogopa kwamba takwimu zitabishaniwa mpaka mwisho wa dunia, lakini mtu anaweza kuitwa akaja, akasimama, akaonekana.

Katika siku themanini na tisa walivuka watu zaidi ya elfu sitini, na hakuna aliyemlazimu Otilia kukitazama kisanduku kile mara mbili. Lakini alama nyekundu bila ufunguo maana yake ilikuwa moja. Saa kumi gari la kambi ya uhakiki lingekuja kumchukua Bi Somoe, mwendo wa siku nzima kwa barabara, na huko uhakiki ulichukua hadi miezi mitatu. Ng'ambo ya daraja alikuwa na mama yake mzazi, kipofu, asiyekula chakula kilichopikwa na mkono mwingine.

Afisa wa zamu, Method Nchimbi, kijana mnene mwenye huruma nyingi kuliko cheo, aliingia ofisini akifuta jasho. Alieleza kwamba anamjua yule mama, kila mtu anamjua, ananunua karanga kwake kila Jumatatu, na kwamba amejaribu kuiambia mashine hivyo lakini haina pa kuambiwa. Otilia akamwambia ampelekee Bi Somoe kiti na maji.

Sasa isemwe kwa nini mkono wake ulikuwa mzito. Miaka sita nyuma, Otilia alikuwa mwalimu wa hesabu. Siku ya tarehe tisa Agosti, sokoni, aligeuka kuchagua nyanya, na alipogeuka tena binti yake Hyasinta, mwenye miaka minne, hakuwepo. Saa mbili baadaye alipigiwa simu kutoka Chamwindi. Mwanamke mmoja alikuwa amefika langoni na mtoto amelala mgongoni kwenye kitenge, akasema ni wake. Lindo likawa na wasiwasi. Yule mwanamke alilia sana, afisa wa siku ile akamwonea huruma, akaamuru lango lifunguliwe. Ufunguo hakuwa nao mfukoni siku ile, na lango halikufunguka. Kwa dakika kumi na moja halikufunguka, mpaka polisi wakafika na tangazo la mtoto aliyepotea. Rekodi ya lango, ile ya namba na saa, ilionyeshwa katika mikutano mingi. Mashine imekataa huruma ya binadamu, walisema, na mtoto amepona.

Otilia aliacha ualimu akasomea ukaguzi wa mifumo, kwa shukrani tu. Kila Agosti alitoa misa ya shukrani parokiani. Mwaka wa kwanza alimwomba padri ataje kwamba ni kwa ajili ya Lindo. Padri alikuna kichwa, akaandika "kwa nia ya mama". Na kila alipopita langoni Otilia alisema asante, kwa sauti, na waliosikia walidhani anazungumza na simu.

*

Mhandisi Gaudens Haule, aliyelibuni Lindo na kuliboresha kwa miaka kumi, alifika saa sita mchana na vumbi la safari kwenye nyusi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla hajakosa. Hakubisha. Aliirudia rekodi ya Bi Somoe mara tatu, akatingisha kichwa kwa kustaajabu.

Alisema walishawahi kuleta waigizaji wawili hodari wajifunze mwendo wa mtu mwingine kwa mwezi mzima, wakashindwa kufika hata thelathini katika mia. Huyu mama amefika tisini na sita. Mguu, kikohozi, hata namna marehemu alivyokuwa akishikilia pumzi kabla ya kukohoa ya tatu.

"Amekaa naye miaka arobaini akimtania," Otilia alisema. "Mtani hukuangalia kuliko mkeo."

Gaudens akakubali, kisha akatoa alichokuja nacho. Angemfuatilia Bi Somoe yeye mwenyewe huko kambini, kila siku. Na katika wiki mbili angelifundisha Lindo utani. Wangerekodi misiba ishirini, mashine ijue kuwa siku ya kuanua matanga mtu anaweza kuvaa nguo za marehemu. Kosa lingetoweka. Vituo kumi na vinne vilikuwa vinasubiri sahihi ya leo, na katika kila kituo, alisema polepole, kuna siku atapita mtoto mgongoni mwa mtu asiye wake, na afisa mwenye huruma atakuwa na ufunguo mfukoni.

"Mama Hyasinta," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe kama alivyozoea, "wewe unajua ufunguo ule ungefanya nini siku ile."

Otilia alijua. Hilo ndilo lililomzuia tangu asubuhi. Angekuwa hana Hyasinta, angevunja lakiri saa tatu na nusu, chai ikiwa bado ya moto. Alitoka akazunguka jengo mara mbili chini ya jua, akiwaza kwa hesabu kama alivyozoea. Ukiifundisha mashine utani wa msibani, kesho atatokea bwana harusi anayefichwa na shangazi zake ndani ya mkeka uliokunjwa. Ukiifundisha hilo, litakuja lingine. Na utani ukiwekewa kanuni, watani watazivunja siku hiyohiyo, maana kazi yao ndiyo hiyo. Watu hawataacha kuwa watu. Patahitajika daima mtu wa kumtazama mtu na kusema, huyu namjua.

Lakini mtu huyohuyo angemwachia mwizi wa Hyasinta apite. Alisimama ukutani akalia kidogo, kwa sababu alijiona msaliti. Aliyeniokoa ndiye ninayetaka kumfunga mikono, aliwaza. Kisha akafuta uso kwa upindo wa blauzi, akaingia ndani kuchukua fomu. Alikuwa ameamua, na moyo ulimuuma.

*

Sheria ilitaka mtu atakayetajwa kwenye fomu aridhie, na kabla ya kuridhia asomewe yote ambayo mashine inayajua juu yake. Kwa hiyo saa nane Otilia alikaa nje ya kile chumba cha vioo, kwenye kiti cha plastiki, wakazungumza kupitia tundu la sauti. Wafiwa walikuwa wametandika mikeka kivulini pembeni ya barabara. Walikataa kuondoka, wakisema mtani wao ana koti lao.

Bi Somoe alimwuliza yeye ni wa ukoo gani. Aliposikia Ngonyani aliguna kwa furaha.

"Kumbe mtani mwenyewe. Ndiyo maana sikuachiwa. Wangoni mkishindwa vita mnatuma mashine."

Otilia akacheka bila kutaka, akamweleza habari ya fomu. Bi Somoe hakuogopa jina lake kuandikwa. Alichouliza ni kama atafika nyumbani kabla mama yake hajaanza kumwita, maana akiita asipojibiwa hutoka nje kumtafuta, na nje kuna mto. Otilia akaahidi kwamba atafika. Basi akaanza kusoma, kama sheria ilivyotaka, aya kwa aya.

Jina, mahali, miaka tisa ya kuvuka daraja, mara nne kwa wiki. Uzito wa beseni la karanga kwenda, uzito wa beseni lililopungua kurudi. Sababu ya kwanza ya alama nyekundu ilikuwa kutumia mwendo wa marehemu. Sababu ya pili ilikuwa imani ndogo kwa mhusika, kutokana na kosa la awali.

"Kosa gani tena?" Bi Somoe aliuliza.

Otilia akateremsha kidole kwenye kioo cha kishikwambi, akasoma kwa sauti kabla akili yake haijasikia anachokisoma. Kuzuia lango kwa makusudi. Mhusika aliketi kwenye mkeka wa lango na kumwaga karanga, akakataa kuondoka kwa dakika kumi na moja. Tarehe tisa Agosti, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Beseni limetaifishwa.

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Tarehe na saa vilikuwa vyake. Alivijua kama anavyojua siku aliyozaliwa Hyasinta.

Alivyojua yeye, na walivyojua wote, lango lilikataa lenyewe. Alifungua rekodi ya siku ile, ile ya ndani ambayo hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kuisoma. Wasiwasi wa Lindo ulikuwa sitini na moja. Taa ya njano. Afisa alipoamuru, Lindo lilikubali kufungua. Mstari uliofuata ulisema lango haliwezi kusogea, kuna mtu kwenye mkeka. Ukarudiwa hivyo mara nyingi, mpaka polisi walipofika.

"Bi Somoe," akasema. "Siku ile ulikaa chini kwa nini?"

Yule mama alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kwenye kapu.

"Kulikuwa na mwanamke mbele yangu amebeba mtoto. Taa ikawaka njano, nikainua macho. Nisiibie mashine haki yake, ile taa ndiyo iliyonifanya nitazame. Nikatazama mikono ya mtoto. Mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake bado anashika, hata usingizini. Yule hakushika. Alikuwa ananing'inia tu kama nguo iliyoanikwa. Nikamwambia afisa, akaniambia mama tuliza kelele. Sasa mimi nitafanya nini, nina beseni tu. Nikaliangusha, nikakaa."

"Hukuwahi kusema."

"Nimwambie nani? Walinifukuza, beseni wakabaki nalo. Nikasikia baadaye kwamba mtoto alipatikana. Nikasema alhamdulillahi, nikanunua beseni jingine."

Otilia aliinuka kwenye kiti, akaweka viganja viwili kwenye kioo. Miaka sita alikuwa amepeleka shukrani zake kwenye mlango, na muda wote huo mwenye haki yake alikuwa akipita mlangoni hapo mara nne kwa wiki na beseni kichwani, naye Otilia amewahi kununua karanga zake bila kumtazama usoni. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile furaha ilikuwa inamjaa kifuani, nyingi mno kwa mtu mmoja.

"Yule mtoto ni wangu," akasema hatimaye.

Bi Somoe akamtazama. Kisha akavaa kofia ya marehemu, akaiweka upande.

"Basi unadaiwa, mtani. Mtani hashukuriwi, hutozwa. Utaniletea beseni la karanga, na utamleta huyo mtoto nimwone mikono."

*

Lakiri ilivunjwa kwa kisu cha mkate saa nane na dakika arobaini. Method alitaka kuivunja yeye, Otilia akakataa. Ufunguo ulikuwa umeshika kutu kidogo kwa kukaa siku tisini bila kazi, ukazunguka kwa shida, lango likafunguka. Wafiwa wakapiga vigelegele. Bi Somoe akawarudishia koti baada ya kuahidiwa kuku wawili, akavuka daraja kwa mwendo wake mwenyewe wa haraka, akimkimbilia mama yake.

Gaudens alisoma rekodi ya ndani akiwa amesimama, kisha akakaa. Alikuwa ameionyesha ile ya nje nchi saba. Alisema hawakuwahi kuuliza ni nini kilichokuwa juu ya mkeka. Mashine iliandika kizuizi, nao wakasoma ushujaa wa mashine. Otilia alidhani atakasirika kwa vituo kumi na vinne. Badala yake aliomba kalamu, na chini ya maoni ya mtengenezaji akaandika kwamba taa ya njano ibaki, ufunguo ubaki, na maafisa wafundishwe kuwasikiliza wanaopita.

"Nashukuru umeivunja wewe," akasema. "Mtu mwingine angetia sahihi."

Kwenye nafasi ya mtu aliyeumizwa Otilia aliandika Somoe Kalembo. Fomu haikuwa na nafasi ya mtu aliyesaidia. Akachora mstari pembeni kwa rula, akaandika jina lilelile mara ya pili.

Jumamosi alikwenda darajani na beseni jipya limejaa karanga. Hyasinta alikuwa na miaka kumi sasa, mrefu, magoti yamejaa makovu ya kukimbia. Aliambiwa njiani anakokwenda na kwa nini. Bi Somoe aliwasubiri upande huu wa lango. Alimshika yule binti mikono, akaigeuza, akaipima kama anayenunua kuku, akatangaza kwamba ni mirefu kama ya Wangoni wote, ya kuchukulia vya watu. Kisha akainama, akampa mgongo.

Hyasinta alimtazama mama yake, akaona haya, akacheka, akapanda. Wakaenda hivyo, mama wa miaka sitini na ushei chini ya mzigo wa miguu mirefu inayokaribia kugusa ardhi, mpaka juu ya mkeka. Lindo likapima, likasikiliza. Mtoto yule halikuwahi kumwona mgongoni pale. Taa ya njano ikawaka.

Method Nchimbi akatoka kibandani, ufunguo ukining'inia kidoleni. Aliwatazama wote watatu, kwa makini, kama kazi inavyotaka, akawapungia wapite.

"Asante," Otilia aliliambia lango, kwa mazoea, na safari hii alimaanisha taa tu. Mbele yake Bi Somoe alikuwa akihema na kulalamika kwamba mtoto amelishwa mawe, na shingoni mwake mikono miwili myembamba ilikuwa imekaza.

"Anashika," Bi Somoe akasema bila kugeuka. "Mtani, huyu anashika."